Kisu cha Mkono wa Kushoto

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kunuka. Sitafuti namna nzuri ya kuisema kwa sababu haipo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, napaka chumvi ngozi za ng'ombe katika banda la Mzee Bishar pale Kitengela, na Jumapili nikiingia kanisani watu walikuwa wanasogea na kusogea mpaka benchi nzima inabaki yangu. Mimi nilikaa katikati nikanyoosha miguu. Sikuwa nimeomba nafasi, lakini kama wameitoa wenyewe, ningeikataa kwa nini.

Watu wa rika langu wakikumbuka mwaka wao wa kwanza wa kujitegemea husimulia vichekesho. Mimi pia ninavyo. Nilipangisha chumba cha mabati nyuma ya soko, nikanunua kufuli kabla sijanunua godoro, nikawa nalala juu ya magunia ndani ya mlango uliofungwa vizuri kabisa. Nilikula chapati na chai asubuhi, chapati na chai mchana, na jioni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniambia nibadilishe, chapati na chai. Nilijiona mtu mzima. Ulikuwa mwanzo wa mwaka 2000, na mvua ilikuwa imekataa kunyesha msimu wa pili mfululizo.

Nyumbani niliondoka kwa hasira, na hasira hiyo siionei haya. Kwetu ni upande wa Ilbisil, ukishapita Kajiado ukielekea Namanga. Baba yangu, Mzee Katoo, alikuwa na ng'ombe wengi na binti mmoja aliyefika kidato cha pili. Shule iliporudisha nyumbani wote wasiolipa karo, nilimwomba auze ng'ombe mmoja tu. Nikamtajia hata ni yupi: maksai wa kijivu mwenye koo jeupe, mnono kuliko wote, ambaye hakamuliwi wala hazai. Nilidhani nimempunguzia kazi ya kuchagua.

"Huyo hauzwi," baba akasema. "Huyo ni wa siku yangu."

Alimaanisha siku yake ya kufa. Kwetu mzee mwenye watoto akifa huchinjwa maksai aliyenona, na mafuta yake hupakwa marehemu kabla hajazikwa. Wazee wengi hawafikirii jambo hilo mapema, lakini baba yangu alikuwa mtu wa kupanga.

"Kwa hivyo kifo chako kiko na karo," nikamwambia, "na mimi sina."

Hakunipiga. Alinitazama kidogo, akachukua fimbo yake akawafuata ng'ombe malishoni. Yeyo, yaani mama yangu, alinifungia nguo kwenye mfuko. Aliyeniuma zaidi alikuwa yeye, kwa sababu nilitarajia angalau anishike mkono.

Kwa Bishar niliingia kwa miguu yangu. Lazima nieleze kwamba kwa Wamaasai mwanamume ndiye huchinja na kuchuna, lakini ngozi ikishatoka mwilini ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye huiwamba juani, huikwangua, huitandika kitandani au kuiuza. Mimi nilijua ngozi kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa hiyo Bishar aliponiuliza najua kazi gani, nilimwambia ukweli.

"Msichana wa shule anajua ngozi?" akauliza.

"Shule walinifukuza. Ngozi hazijanifukuza."

Akacheka puani. Alikuwa mtu wa Wajir, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, anaongea kidogo kidogo kama anayeweka akiba ya maneno. Akanionyesha ngozi moja mbichi na kisu cha kukwangulia, akaenda msikitini kuswali. Aliporudi nilikuwa nimeimaliza na kuosha sakafu. Akaniambia nije kesho yake.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo kuelekea mtaroni. Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mwenzangu aliitwa Nalianya, baba wa watoto kutoka Bungoma, mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia. Yeye alishusha ngozi kutoka kwenye lori, mimi nilizitandaza upande wa nyama ukiangalia juu, nikazipaka chumvi kwa bakuli na kwa mikono, kisha nyingine juu yake, na nyingine, mpaka rundo linanifika kiunoni. Chumvi huuma mwanzoni. Halafu vidole hupasuka, halafu huacha kuuma. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nashika kikombe cha bati chenye chai inayotoka jikoni, na Nalianya ndiye aliyekuwa anaogopa kwa niaba yangu.

Bishar alikuwa na sharti moja. Ngozi za ng'ombe waliochinjwa zikae upande wa kulia wa banda, za waliojifia zikae kushoto, na zisichanganywe hata siku moja. Kwake ilikuwa dini, na kwa wanunuzi wake ilikuwa ubora. Kuzitambua si kazi. Ng'ombe akichinjwa damu hutoka yote, na ngozi yake kwa ndani huwa nyeupe. Akijifia mwenyewe damu hubaki, na mishipa midogo huonekana imetambaa kila mahali, rangi ya wino. Mwezi wa tatu marundo mawili yalikuwa sawa. Mwezi wa sita rundo la kushoto lilikuwa linagusa mabati, na lile la kulia ungeweza kuliruka.

"Biashara imekuwa mzuri," Nalianya akamwambia Bishar siku moja.

"Hii si biashara," Bishar akasema. "Hii ni matanga." Lakini aliagiza chumvi zaidi.

Wa kwanza kuja kutoka kwetu alikuwa Narok. Watu wa mjini huniuliza niliwezaje kumjua ng'ombe kwa ngozi tu, na mimi huwauliza wao huwajuaje shangazi zao. Narok alikuwa mweusi mwenye doa jeupe ubavuni, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa kama umevaa soksi. Nilimkamua tangu nikiwa mdogo wa kupigwa mateke. Nalianya aliitupa ile ngozi sakafuni ikafunguka, nami nikaiona, nikaigeuza. Mishipa ilikuwa imejaa damu. Alikuwa amejifia.

Halafu nikaona alama za kisu. Baba yangu hutumia mkono wa kushoto. Mtu wa kulia akichuna, mikwaruzo ya kisu hulala upande mmoja. Ya baba hulala upande wa pili, na hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kukwangua ngozi aliyoichuna yeye bila kumtania. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya Narok mahali fulani, akamchuna kwa mkono wake.

Nilisimama na bakuli langu la chumvi nikingoja nihisi kitu. Sikuhisi. Nalianya akaniuliza kama nimelala, nikamwambia la, nikapaka chumvi kuanzia shingoni kama kawaida.

Nilimuuliza dereva wa lori, Mkamba mmoja aitwaye Wathome, ngozi hiyo ameitoa wapi. Akasema Isinya. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba amehama na ng'ombe. Mwaka ule wanaume walikuwa wanaswaga mifugo popote waliposikia pana majani, wengine mpaka kando ya barabara za Nairobi, na wanawake wanabaki nyumbani na mbuzi wachache. Kwetu hakuna aliyekuwa na simu. Habari za baba zilikuwa hizo, zimekunjwa kwenye lori la Wathome.

Baada ya Narok akaja Nanyokie, yule mwekundu, akitokea Konza. Wakaja mitamba wawili wa mama, pacha, siku moja. Akaja fahali. Kila mara niligeuza ngozi upande wa nyama, nikatazama mikwaruzo inalalia wapi, na kila mara ilikuwa ya kushoto. Wathome alikuwa anashuka mpaka Ilbisil mara moja moja, kwa hiyo nikawa nampa ujumbe wa kumpelekea mama: baba yuko Isinya, baba yuko Konza, baba amefika Ulu kwa Wakamba. Mama naye alikuwa anarudisha swali moja tu, halibadiliki.

"Anauliza kama bado anachuna," Wathome ananiambia, bila kuelewa maana yake.

"Mwambie bado anachuna."

Sasa sikilizeni jambo lililonipata, kwa sababu sijawahi kusikia limempata mtu mwingine. Nilianza kuzingoja zile ngozi. Wiki ikipita bila ng'ombe wa kwetu nilikuwa sili vizuri, hata chapati. Ng'ombe akifa najua baba ni mzima, ana nguvu ya kushika kisu. Ng'ombe wasipokufa sijui lolote. Jumapili moja, kwenye benchi langu pana, niligundua kwamba nimemaliza kuomba Mungu alete ngozi. Nilikuwa nimemwomba Mungu aue ng'ombe wa baba yangu. Nikasema amina, nikasimama kuimba na wengine.

Bishar aliniona nikigeuza ngozi hata zile zilizokwisha kupangwa. Alikuwa ameshajua kwamba kuna mchunaji wa kushoto, kwa sababu alama zake zilimkera, na sasa akajua ni nani.

"Usihesabu," akaniambia. "Sisi wetu walikwisha mwaka wa tisini na mbili. Mama yangu alikuwa anahesabu. Usihesabu, Yunis."

"Sihesabu."

"Unahesabu."

Nalianya yeye aliona jambo ni rahisi. "Kwani Ulu ni wapi? Si uende umwone huyo mzee urudi?"

Nikamjibu kwamba nikifika atakuwa ameshahama, na ilikuwa kweli. Ila haikuwa kweli yote. Nilitaka yeye ndiye aje. Wathome alikuwa amemwachia ujumbe niko wapi, kwa wale anaochukua ngozi kwao, nilihakikisha hilo. Nilitaka baba asimame pale mlangoni kwa Bishar na shuka lake, aone nina kazi, nina chumba, nina kufuli, nakula ninachotaka, halafu aseme neno. Lolote lile. Nilikuwa nimelingoja kwa miezi, na nilikuwa tayari kulingoja zaidi, maana ukaidi wangu ni wa kurithi.

Mwezi wa tisa ngozi za kwetu zilikatika. Lori lilikuja mara ya kwanza bila kitu cha kwetu, mara ya pili bila kitu. Mama akauliza kama bado anachuna, nikamwambia Wathome amjibu kwamba wiki hii bado sijaona. Lori likaja tena na ngozi za watu wengine. Nilizipaka chumvi zote.

Halafu mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, Nalianya akashusha ngozi ya kijivu yenye koo jeupe.

Kabla sijaifungua nilijua ni ya nani. Nikaitandaza. Kwa ndani ilikuwa nyeupe, safi, hakuna mshipa hata mmoja. Maksai yule hakujifia. Alichinjwa, akatolewa damu yote kwa utaratibu. Nikapiga magoti nikatafuta alama za kisu. Zilikuwa chache, na zote zimelala upande wa kulia.

Nilizitazama mara moja tu. Maksai wa siku yake amechinjwa, na yeye siye aliyemchuna.

Nikatoka nje nikamkuta Wathome anakagua magurudumu.

"Hii ya kijivu umetoa wapi?"

"Ulu. Kuna kijana alinipatia."

"Mwenyewe alikuwa wapi?"

"Sikuuliza. Kulikuwa na watu wengi hapo, wanakula nyama."

Nikamshukuru. Nikarudi ndani nikapaka ile ngozi chumvi, kila mahali, hata kwenye mikunjo ya miguu ambako huwa tunapita haraka, nikaibeba mwenyewe upande wa kulia. Bishar alikuwa amesimama anatazama. Nikamweleza kwa maneno machache maksai yule alikuwa wa nini. Akasema inna lillahi.

"Nenda kwa mama yako," akasema. "Hapa hakuna kitu itaharibika."

Nilinawa mikono, nikafunga chumba changu, nikanunua unga na sukari. Muuza duka alinirudishia chenji pungufu nikagombana naye mpaka akanipa yote. Nakumbuka nilishangaa kwamba sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nilijichunguza nikitafuta uchungu mahali pengine mwilini, kifuani au kooni, lakini kote kulikuwa kama kwenye vidole. Nilimpenda baba yangu. Sijui niseme vipi ili nieleweke, kwamba nilimpenda na sikuhisi chochote.

Boma letu lilikuwa limenyamaza. Kinyesi cha ng'ombe kilikuwa kimekauka mpaka kimekuwa vumbi la kijivu, na hata nzi walikuwa wamehama. Mama alikuwa ameketi mlangoni anashona shanga. Aliniona nikija siku ya katikati ya wiki, na mfuko wa sukari mkononi, akaweka shanga zake chini.

"Bado anachuna?" akauliza.

"Hapana, yeyo."

Sikuongeza neno, na yeye hakuuliza jingine. Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Alikaa kidogo, halafu akapeleka mikono masikioni akaanza kuvua hereni ndefu za shaba, zile ambazo mwanamke wa kwetu huvaa kwa sababu ana mume na huvua akifiwa naye. Moja ilikwama. Nikamsaidia, lakini vidole vyangu havikuwa vinahisi vizuri, nikamwumiza.

Wanawake wa jirani wakaja wakamnyoa kichwa. Tangu saa ile jina la baba likatoka midomoni mwa watu. Wazee walisema "mwenye boma hili," wakachagua wanaume wawili waende Ulu kuulizia alikozikwa. Wanaume wale walipata lifti ya gari barabarani. Mimi nilichota maji, nikapika chai, nikaosha vikombe, nikapika chai nyingine. Nilisikia mke wa baba mdogo akinong'ona kwamba mji umenikausha, kwamba mtoto gani huyu anafiwa na anauliza nani hajapata sukari. Nilimpelekea chai yake pia.

Siku ya pili mvua ikanyesha. Ilianza polepole, halafu ikashika kasi kama mvua ya kweli, na maji yakajaa kwenye alama za kwato zilizokuwa zimekauka tangu mwaka uliopita. Wakati mwingine wowote tungetoka nje wote. Siku hiyo hakuna aliyetoka. Mvua ilikuwa imekuja kwa ng'ombe ambao wako kwa Bishar.

Siku ya tatu, mchana, kwenye manyunyu, baba akaingia bomani.

Alikuwa amekatiza mbugani kwa miguu, kwa hiyo wale wanaume wawili walipishana naye bila kujua. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Fimbo ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia vidole mpaka kiwiko, umening'inizwa shingoni, na ulikuwa umevimba. Alikuwa amekonda mpaka shuka lilionekana limevaliwa na fimbo nyingine. Mwanamke wa kwanza kumwona alirudi nyuma hatua. Wengine wakageuka mmoja baada ya mwingine.

Baba alitutazama. Akatazama kichwa cha mama kilichonyolewa, akatazama masikio yake matupu. Nilimwona akiwapitia mmoja mmoja kichwani mwake, watoto wake, ndugu zake, akitafuta.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Jibu lilikuwa jina, na jina lenyewe tulikuwa tumeacha kulitaja. Baba akaniona mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana tangu siku ile nilipomwomba auze maksai.

"Wewe umetoka Kitengela," akasema. "Niambie wewe. Ni nani?"

"Ilikuja ngozi ya yule wa kijivu, papa," nikasema. "Imechinjwa. Na mkono haukuwa wako."

Alifikiri. Sikumwongezea kitu, maana baba si mtu wa kutafuniwa. Niliona jambo linamfikia. Alitazama tena kichwa cha mama, akautazama mkono wake uliofungwa, kisha akaketi chini pale pale kwenye matope, polepole.

"Nilijikata nikichuna yule mwingine," akasema. "Mkono ukaingia uchafu. Wale watu walinipatia maji mwezi mzima, na hawanijui. Sikuwa na kitu ingine ya kuwapatia. Alikuwa amebaki huyo wa kijivu peke yake, na alikuwa ameanza kulala chini." Akapangusa uso kwa mkono wa kulia. "Sikutaka ajifie kama wengine. Nikawaambia wachinje, tule."

"Na wewe ulikula?" mama akauliza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Nilikula. Alikuwa bado na mafuta kidogo."

Mama alipiga kelele moja fupi, sijui kama ilikuwa kicheko. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akamwinua baba kutoka kwenye matope akamketisha, akamfunika shuka kavu. Alifanya yote hayo kwa ukali kidogo, kama unavyomvalisha mtoto aliyekutoroka sokoni. Wanawake wakaanza kuongea wote pamoja. Mmoja alikimbilia kwa wazee. Mke wa baba mdogo alikuwa analia, na wengine walikuwa wanaimba.

Mimi nilisogea mbele ya baba nikainamisha kichwa, jinsi mtoto wa kwetu anavyomwamkia mkubwa, nikangoja aniguse. Mkono uliokuja ulikuwa wa kulia. Haukuzoea kazi hiyo, ukatua kwenye sikio kwanza, kisha ukapanda kichwani ukatulia. Nilihisi uzito wake. Nikangoja furaha ifuate. Baba yangu hakufa, nikajiambia, mkono wake huu hapa, wengine wanaimba. Nilijiambia mara kadhaa. Nilikuwa nimeshamzika huko Kitengela kwa mikono yangu, kwa chumvi, na sikujua sasa nifanye nini.

Hakuuondoa mkono. Akainama karibu yangu, akashusha sauti ili wale wanawake wasisikie.

"Huyo Msomali wako," akasema, "ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri, papa."

"Na hiyo kazi, watu wazima wanafanya?"

"Wanafanya. Kuna mmoja anaitwa Nalianya, yuko na watoto."

Nilikuwa bado nimeinamisha kichwa, naona miguu yake tu, na kandambili zake za tairi zilizofungwa kwa kamba ya ngozi.

"Ukirudi umuulize huyo Msomali," akasema. "Kama anaweza kuchukua mzee. Mkono huu mwingine nitaufundisha."

Nikamwambia nitamuuliza. Ndipo nikalia, palepale mbele ya watu wote, kwa sauti, mpaka nikashindwa kusimama, na wale wanawake wakaja kunishika wakiniambia nilie tu, ni furaha.